Nani Anatoza Kodi ya Pombe?

Kila mwaka, Waziri wa Fedha amalizapo kusoma bajeti mwezi wa Juni, huanza manung'uniko yale yale. Mfanya biashara hulalamikia forodha, mwenye gari hulalamikia petroli, lakini hakuna alalamikaye kwa sauti kubwa kuliko mnywaji. Katika mji wa Mbarara bei ya chupa ikipanda kwa shilingi mia mbili tu, utamwona mtu ameinuka baani na kuihutubia Serikali kana kwamba Waziri mwenyewe ameketi meza ya pili. Wala tusijifanye kwamba sauti hizo hukomea kwenye lango la kambi. Zinasikika katika kantini za jeshi na za polisi, na huko zimeongezewa neno ambalo raia hana: kwamba mtu aliyeyatoa maisha yake kuilinda nchi hapaswi kutozwa ushuru kwa chupa yake ya jioni.

Tumeonelea tulizungumze jambo hili na ndugu zetu wenye sare bila kuzunguka. Si nia yetu kumkataza askari kunywa baada ya kazi; hilo lina kanuni zake, na kila mkuu wa kikosi anazijua. Nia yetu ni kuonyesha kwamba kelele nyingi zinapigwa juu ya kodi ambayo wapiga kelele hawajapata kuihesabu, ilhali ipo kodi nyingine ya pombe, isiyo na sheria wala daftari, ambayo sisi wenye sare tunaijua vizuri na tunainyamazia.

Tuanze na ile ya sheria. Ushuru wa pombe hukusanywa na Mamlaka ya Mapato ya Uganda, iliyoundwa mwaka 1991, kwa mujibu wa Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya mwaka 2014 na marekebisho yake. Viwango vimebadilishwa mara kwa mara, na kwa kila lita kimewekwa kiasi cha chini ambacho hakipunguzwi. Lakini mgawanyo mkubwa wa bia umekuwa huu: asilimia 60 kwa bia ya kimea ya kawaida, na asilimia 30 kwa bia ambayo robo tatu ya vitu vyake au zaidi, maji yasihesabiwe, imetoka katika mashamba ya nchi hii. Juu ya hapo huja kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, nayo huhesabiwa baada ya ushuru kwisha kuongezwa.

Basi na tuchukue kalamu. Bia itokayo kiwandani kwa shilingi 1,000 kabla ya kodi, ikitozwa asilimia 30 inakuwa shilingi 1,300. Ukiongeza asilimia 18 ya hizo, inakuwa shilingi 1,534. Bia ya thamani ile ile ikitozwa asilimia 60 inafika shilingi 1,888. Hapo hatujamtia mwenye gari la kusafirisha, wala muuzaji wa jumla, wala mwenye baa na umeme wake na muziki wake. Kwa hiyo mnywaji asemaye kwamba zaidi ya theluthi ya fedha iliyotoka kiwandani ni kodi, na kwa bia nyingine karibu nusu, hasemi uongo. Tunakubali. Tunachomwomba ni kwamba akisema hivyo, aseme pia kwa nini viwango ni viwili.

Viwango ni viwili kwa ajili ya mkulima. Mnamo mwaka 2002 Nile Breweries walitoa bia ya Eagle, iliyotengenezwa kwa mtama wa aina ya Epuripur, mbegu iliyopatikana katika kituo cha utafiti cha Serere kule Teso. Serikali ikakubali kuipunguzia ushuru kwa sababu mtama huo ulilimwa na wananchi wa hapa hapa. Mwaka 2013 kampuni hiyo hiyo ilifungua kiwanda cha pili, nacho kikawekwa Mbarara. Leo mtu wa Mbarara anaweza kunywa bia iliyopikwa karibu na nyumbani kwake kwa nafaka ya Mganda mwenzake, na kodi yake ikawa nafuu kwa sababu hiyo. Huu si ukatili wa Serikali. Ni siasa ya uchumi, na kwa maoni yetu ni siasa njema.

Hata hivyo hatungeandika makala nzima kwa ajili ya kuwatetea watoza ushuru, ambao wana midomo yao. Manung'uniko ya mnywaji yana upande wa haki, na ni lazima askari auelewe, kwa maana ni yeye aitwaye mambo yanapoharibika.

Kodi ya pombe ina tabia moja ambayo kodi nyingine hazina. Mtu akitozwa kodi ya nyumba hawezi kuihamishia nyumba yake porini. Lakini akitozwa kodi kubwa katika chupa, huiacha chupa akaenda kwenye mtungi. Hilo limeonekana kila mahali na kila zama. Katika Marekani, mwaka 1791, Serikali changa ya nchi hiyo iliweka ushuru juu ya whisky. Wakulima wa magharibi ya Pennsylvania, ambao nafaka yao ilikuwa haibebeki kupita milimani isipokuwa imegeuzwa kileo, walikataa kulipa na wakawapiga watozaji. Mwaka 1794 Rais George Washington mwenyewe alipanda farasi na kuongoza wanamgambo wapatao 13,000 kwenda kuwatuliza. Uasi ulikwisha karibu bila risasi. Walakini ushuru wenyewe haukupata kukusanywa sawasawa katika mabonde yale, na mwaka 1802 ukafutwa. Jeshi laweza kuutawanya mkutano wa watu wenye hasira. Kuhesabu mitungi iliyofichwa mabondeni si kazi liwezayo.

Mfano wa karibu zaidi ni wa jirani zetu wa Kenya, na huu tungependa kila ofisa wa polisi aukumbuke. Mwaka 2004 East African Breweries walitoa bia ya bei nafuu iitwayo Senator Keg, iliyouzwa katika mapipa kwa watu wa kipato cha chini. Haikutozwa ushuru, na shabaha ilikuwa wazi: kumtoa mlalahoi kwenye chang'aa na kumpa kinywaji kilichopimwa. Mwaka 2013 Serikali ya huko ikarudisha nusu ya ushuru juu ya bia hiyo. Bei ikapanda, mauzo yakaanguka vibaya sana, na wanywaji wakarudi walikotoka. Mwezi wa Mei 2014, katika Embu, Kiambu, Kitui na kwingineko, watu zaidi ya 80 walikufa na wengine wakapofuka kwa pombe iliyotiwa methanoli. Hatusemi kwamba kodi iliwaua. Waliowaua ni wale walioitia sumu ile ndani ya pombe. Lakini mwaka 2015 Serikali yenyewe iliupunguza ushuru huo tena, na hapana Serikali ipunguzayo kodi bila sababu.

Nasi tunayo ya kwetu. Mwezi wa Aprili 2010 katika wilaya ya Kabale, si mbali na Mbarara kwa njia ya lami, watu wapatao 80 walikufa katika muda wa wiki tatu kwa waragi iliyochanganywa na methanoli. Methanoli haina harufu ya kumtisha mnywaji. Hulewesha kama pombe nyingine, kisha baada ya saa nyingi mtu huanza kuona ukungu, tumbo likamsokota, pumzi ikamwia nzito, na asipopelekwa hospitali mapema ama hupofuka ama hufa. Wiki tatu ni muda mrefu. Sumu ingeweza kusimamishwa katika siku za kwanza kama watu wangalisema, lakini jamaa wengi wa marehemu hawakukiri kwamba mtu wao alikuwa amekunywa waragi. Walificha. Msomaji na aliweke neno hilo akilini, kwa sababu tutalirudia: walificha.

Waragi ni kinywaji chenye historia ndefu na jeshi. Jina lake latokana na araki ya Kiarabu, na yasemekana lililetwa na askari wa Kinubi waliotoka Sudan wakati wa ukoloni. Katikati ya miaka ya 1960 sheria ya enguli ilimtaka kila mpikaji awe na leseni na auze alichopika kwa kiwanda, kiwanda kikisafishe na kukitia chupani kwa jina la Uganda Waragi. Chupa hiyo ikapata sifa mpaka ng'ambo. Wapikaji wengi, hata hivyo, hawakuwa na leseni wala njia ya kuipata, wakaendelea kupika mitoni na migombani kama baba zao. Shirika la Afya Duniani lilipotoa taarifa yake mwaka 2004, Uganda ilikuwa ya kwanza ulimwenguni, kwa lita zaidi ya 19 za kileo halisi kwa kila mtu mzima kwa mwaka, na sehemu kubwa ya kiasi hicho haikupita mlango wa kiwanda chochote. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya kodi ya pombe tunazungumza juu ya sehemu ndogo ya pombe ya nchi hii. Sehemu iliyobaki haimjui Waziri wa Fedha.

Je, haimjui mtu yeyote mwenye kutoza? Hapo ndipo tulipotaka kufika, na njia ya kufika huko ni ile itokayo Mbarara kwenda Isingiro, kisha ikashuka kwenye ziwa Nakivale.

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale ni ya zamani kuliko uhuru wetu. Yalianza mwaka 1958 na kutangazwa rasmi mwaka 1960, wakati Watutsi waliokimbia Rwanda walipokuwa wakivuka mpaka. Leo wapo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea, na idadi yao katika miaka hii imepita laki mbili. Si kambi yenye ukuta. Ni vijiji vilivyosambaa katika eneo la zaidi ya kilomita 180 za mraba, na kila jamaa imepewa kipande cha ardhi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 imewapa haki ya kufanya kazi na biashara, na mwenye haki ya biashara anao pia wajibu wa kulipa kodi halali kama wenyeji wake. Sisi askari tuna sababu nyingine ya kupapenda mahali pale: ni nadra kupata pembe ya Uganda ambako Kiswahili kimeshika soko, kisima na baraza kama pale. Mtu wa Kivu na mtu wa Bujumbura na Mnyankole wa Kabingo hupatana bei ya maharagwe kwa lugha ambayo sisi tuliijulia kambini.

Pombe ipo. Ipo tonto ya Wanyankole, ambayo ndizi zake huivishwa shimoni, zikakamuliwa kwa nyasi na kuchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa. Wakongo wana kasiksi yao, Wanyarwanda na Warundi wana urwagwa, na zote tatu, tukisema kweli, ni ndugu wa tumbo moja. Na ipo ile kali, ambayo huku huitwa waragi na ng'ambo ya mpaka huitwa kanyanga. Wasomali, kwa ajili ya dini yao, hujiweka kando. Wanaopika ni wanawake kwa sehemu kubwa, na hawapiki kwa kupenda anasa. Mwezi wa Aprili 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, kwa upungufu wa fedha, lilikata posho ya wakimbizi wa Uganda kwa asilimia 30, na Februari 2021 likaikata tena hata ikabaki asilimia 60. Baada ya hapo yalifuata mapunguzo mengine. Mama mwenye watoto watano na kipande kidogo cha ardhi hutazama migomba yake, akahesabu: ndizi mbichi mkungu kwa bei hii, au tonto jerikani kwa bei ile? Jibu si gumu.

Tulikuwa huko kwa kazi zetu za uhusiano, tukiwa na sare, tukapita mbele ya nyumba ya mjane mmoja wa kutoka Kivu. Hatumtaji jina wala kijiji. Kabla hatujafungua kinywa kumwamkia alisimama, akafungua fundo la kanga, akatunyoshea noti iliyokunjwa mara nne.

"Mama, hiyo ni ya nini?" tukamwuliza.

"Ni ya leo, afande. Wenzenu walipita juzi, nikafikiri leo ni zamu yenu."

"Wenzetu wapi?"

"Wenye sare," akasema, akatazama chini.

Tukamwambia airudishe fedha yake. Angefurahi, mtu angefikiri. Hakufurahi. Aliogopa zaidi, akaingia ndani akatoka na noti ya pili, kwa kuwa alidhani tumekataa ya kwanza kwa udogo wake. Ilituchukua muda kumfahamisha kwamba hatukufuata kitu. Hatukuuliza wenye sare hao ni wa kikosi gani, na hata kama tungejua hatungekitaja hapa; mwenyewe akisoma atajijua. Lakini tulimwuliza ni kiasi gani, akasema yapata shilingi elfu mbili kila juma, na zaidi wakati wa sikukuu.

Kalamu tena. Elfu mbili kwa majuma 52 ni shilingi 104,000 kwa mwaka. Mjane wa Nakivale, ambaye Bunge halikumtungia kodi yoyote ya mtungi wake, analipa shilingi 104,000 kwa mwaka kwa ajili ya pombe, wala hana risiti hata moja. Yule bwana wa Mbarara aliyeinuka baani kwa shilingi mia mbili hajui kwamba yupo mwenziwe atozwaye zaidi, na hana meza ya kupiga ngumi. Fedha za bwana yule, apende asipende, huingia Hazina, na kutoka Hazina hutoka dawa ya zahanati, mwalimu, barabara, na, tusisahau, mshahara wa askari. Za mama yule huingia mfukoni na kutoka kaunta.

Tumesikia utetezi wa wenye kufanya hivyo. Husema kwamba pombe ile ni haramu, kwa hiyo mpikaji ashukuru kuachiwa kwa kitu kidogo. Tunawauliza swali moja tu. Ikiwa pombe ni haramu, mbona uliuacha mtungi ukachukua noti? Na ikiwa si haramu, ulichukua noti kwa kosa gani? Askari polisi aliyekuta uhalifu ana njia iliyonyoka: anakamata kielelezo, anakiandika katika kitabu, anampeleka mtuhumiwa kituoni na baadaye mahakamani, na hakimu ndiye atozaye faini, kwa risiti. Askari wa jeshi hana hata njia hiyo. Kazi ya kumshika mpika pombe si yake hata kidogo. Atokaye nje ya njia hiyo hatozi kodi wala hatekelezi sheria. Ananyang'anya.

Walimu wetu katika chuo cha makadeti walipenda kutukumbusha kanuni za mwenendo za NRA, zilizotungwa wakati wa vita vya msituni vya mwaka 1981 hadi 1986. Kanuni hizo zilimkataza mpiganaji kuchukua mali ya raia bila kuilipa, hata kama ni ndizi mbivu, kwa kisingizio kwamba ni ndizi tu. Watu waliokuwa na njaa Luwero waliambiwa wasile ndizi ya bure. Sisi tunaopata mshahara mwisho wa mwezi tuna udhuru gani wa kunywa ndizi ya bure, kwa kuwa imekamuliwa na kuchachushwa?

Na sasa tulirudie neno tuliloahidi kulirudia. Mama yule anaogopa sare. Ikiwa kesho mfanya magendo atamletea jerikani ya spiriti ya viwandani ili aiongeze katika waragi yake ipate nguvu, na wanywaji wawili wakaamka hawaoni, atamwambia nani? Atakwenda kituoni, ambako anadhani kila mtu amekuja kwa zamu yake? Hatakwenda. Atamwaga kilichobaki usiku, jirani zake watafunga midomo, jamaa za wagonjwa watasema ni malaria, na daktari atatibu malaria. Hivyo ndivyo siku tatu hugeuka kuwa wiki tatu. Noti ile iliyokunjwa mara nne si wizi mdogo wa shilingi elfu mbili. Ni kununua ukimya, na ukimya huo hulipwa kwa macho na roho za watu.

Kazi ya kweli ipo kwa polisi atakaye kuifanya. Tangu Juni 2019 waragi ya vipakiti vya plastiki imepigwa marufuku. Tangu Novemba 2019 chupa ya bia na ya pombe kali itokayo kiwandani au ng'ambo inapaswa kuwa na stempu ya kodi ya kidijitali, na stempu hiyo husaidia kujua chupa imetoka wapi. Konstebo anayejua kuitazama stempu ataikamata shehena ya lori zima la pombe bandia huko Mbarara wakati mwenzake anamtishia mjane kwa lita ishirini za tonto. Wa kwanza ataiokolea Hazina mamilioni, na pengine ataokoa maisha. Hatujui kwa nini wa pili ndiye tunayemwona mara nyingi. Labda ni kwa sababu mjane hana wakili.

Tungependa pia wakuu wa serikali za mitaa walifikirie jambo hili, ingawa si wasomaji wetu wa kila siku. Mpikaji wa tonto angeandikishwa kwa ada ndogo, akapewa kadi na risiti, mtungi wake ukakaguliwa hadharani, mwenye sare angekosa cha kumtishia nacho. Ile pombe kali ni habari nyingine, maana hatari yake ni nyingine. Hiyo ibaki chini ya leseni na vipimo. Lakini kuziweka tonto na methanoli katika kapu moja la haramu ni kumfanyia kazi mwuza methanoli.

Limebaki lile dai la kantini, kwamba bia ya askari isitozwe ushuru. Wanaolisema aghalabu ni vijana, na hawakuyaona yaliyopita. Nchi hii imewahi kuwa na jeshi la namna hiyo. Katika miaka ya 1970, wakati raia wa Mbarara walipopanga foleni ya sukari, chumvi na sabuni na kuambiwa hakuna, ndege za mizigo zilikuwa zikitoka uwanja wa Stansted, karibu na London, zikirudi Entebbe na shehena ya whisky, redio na anasa nyingine kwa ajili ya maofisa na askari wa Idi Amin. Waingereza wenyewe walizipa safari hizo jina la whisky. Askari wale hawakulalamikia kodi ya pombe. Mwishoni mwa Februari 1979 majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda yalipoingia Masaka na Mbarara, jeshi lile la whisky lilikuwa limekwisha tawanyika njiani, wala haikusikika kwamba kuna mwananchi aliyelificha nyumbani mwake.

Askari anayekunywa kwa bei yake peke yake huacha kusikia bei za wengine. Akija kulinda soko la Mbarara siku watu wamekasirika, hatajua wamekasirikia nini. Sisi tungependa askari anayejua bei ya chupa, bei ya sukari na bei ya daftari la shule, kwa kuwa amezilipa mwenyewe juma lililopita. Akitaka kunung'unika, na anung'unike. Yeye pia ni mlipa kodi, na amwandikie Mbunge wake kama raia wengine wafanyavyo. Ila kabla ya kuandika ajiangalie mfukoni kama hamna noti iliyotoka katika fundo la kanga ya mtu.

Sajini mmoja rafiki yetu, tulipomwonyesha makala haya kabla ya kuyapeleka kwa mhariri, alituuliza kama tukisha yachapa tutathubutu kukanyaga tena kantini. Tulimwambia kwamba Jumamosi tutakuwepo kama kawaida, na chupa yetu tutailipia kwa bei iliyoandikwa ukutani.